Kibebeo cha singe: kinasema kilitoka wapi, hakisemi nani alikivaa

Zamu ya historia wiki hii ni yangu. Najua wengine mlitegemea niendelee na mambo ya uhuru, ila nimechagua kitu kidogo sana ambacho hata makumbusho watu wanakipita bila kukitazama. Ni kile kipande cha ngozi au cha utepe mnene kinachoning'inia kwenye mkanda wa askari na kushika ala ya singe.

Tuelewane maneno kwanza. Singe ni kile kisu kirefu kinachochomekwa mdomoni mwa bunduki. Ala ni nyumba ya kisu. Ala haiwezi kukaa yenyewe kiunoni, lazima kuwe na kitu katikati ya ala na mkanda. Kitu hicho Waingereza wanakiita kwa neno lile lile la chura, yule yule wa bwawani. Mimi nitakiita kibebeo, ndo neno linaloeleweka.

Kuna watu duniani wanakusanya vibebeo tu. Siyo bunduki, siyo visu, vibebeo. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaelewa. Singe ni chuma, linapakwa mafuta, linatundikwa ukutani, linakaa miaka mia. Kibebeo ni ngozi: kinaoza, kinaliwa na panya, kinakatwa kutengeneza kamba ya mbuzi. Wakati askari anarudi nyumbani anatunza kisu, kibebeo anakitupa. Kwa hiyo mkusanyaji anaweza kupata singe kwa urahisi halafu akahangaika miaka kutafuta kibebeo kilichoenda nalo. Halafu jambo lingine, na hili ndo lililonifanya niandike: kibebeo kiligusa mwili wa mtu. Kisu kinaonyesha serikali ilitaka nini. Kibebeo kinaonyesha serikali ilikuwa na nini siku hiyo, kama ilikuwa na ngozi nzuri au ilibidi itumie uchafu wowote uliopatikana.

Mtu anakitambuaje? Anaanza na kushika. Ni ngozi au ni pamba iliyofumwa? Kama ni ngozi, ni ya rangi ya asili ya kahawia au imepakwa nyeusi? Anaangalia kinavyoingia kwenye mkanda: kitanzi kipana maana yake mkanda ulikuwa mpana. Kisha anaangalia kinavyokamata ala. Ala nyingi zina kinundu kidogo cha chuma upande wa nje. Kinundu hicho kinapita kwenye tundu au mpasuko wa kibebeo na ala inakwama hapo, haiwezi kudondoka hata ukikimbia. Ala nyingine hazitegemei kinundu, zinafungwa na kikanda chenye bizimu. Umbo la kinundu na umbo la tundu lazima viendane kama funguo na kufuli, kwa hiyo kibebeo peke yake, bila kisu, kinaweza kukuambia kilibeba singe la aina gani. Mwisho anageuza nyuma kutafuta mihuri. Hapo ndo penye utamu.

Mwingereza aligonga mshale mdogo kwenye kila mali ya serikali, mistari mitatu inayokutana kwenye ncha. Ukiona mshale peke yake, ni Uingereza. Mshale ukiwa ndani ya herufi C, ni Kanada. Ukiwa ndani ya U, ni Muungano wa Afrika Kusini. Ukiwa na herufi I, ni India. Ukiwa katikati ya D mbili, ni Australia. Dola moja, singe karibu lile lile, lakini muhuri unakuambia lilipitia ghala la nani. Na hizi siyo habari za mbali na sisi, maana Wahindi na Waafrika Kusini wa alama hizo walikuja mpaka huku kwetu, wakafa huku kwetu.

Nazungumzia vita vya 1914 mpaka 1918. Wengi wetu shuleni tulifundishwa kama vita vya Ulaya, sentensi mbili za Afrika zikawekwa mwishoni. Kumbe njia tuliyopita sisi kukimbia, wao waliipita wakipigana. Mei 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, liliingia Kigali. Juni lilikuwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo likaingia Tabora. Askari wa kawaida walikuwa watoto wa Kongo, maofisa Wabelgiji. Wengi walikuwa wamezoea bunduki ya Albini, ya miaka ya 1870, unaweka risasi moja, unapiga, unaweka nyingine.

Upande wa pili, askari wa Mjerumani naye hakuwa tajiri. Vita vilipoanza makampuni mengi ya Schutztruppe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani bado yalikuwa na Mauser ya 1871, inayotoa moshi mwingi mpaka adui anajua ulipo. Kule Ulaya Mjerumani alikuwa tayari na singe jipya, lile pana kuelekea ncha kama kisu cha bucha, mengine yakiwa na meno ya msumeno mgongoni. Vibebeo vyake vya kabla ya vita vilikuwa ngozi ya kahawia. Mwaka 1915 ikatoka amri ngozi za jeshi zipakwe nyeusi. Ngozi ilivyozidi kuadimika kwa sababu meli za Waingereza zilifunga bahari, viwanda vya Ujerumani vikatengeneza vibebeo vya turubai na hata vya nyuzi za karatasi. Karatasi, jamani. Mtu akikushikisha kibebeo cha nyuzi za karatasi, amekushikisha njaa ya Ujerumani ya miaka hiyo.

Mwingereza ndiye aliyeachana na ngozi mapema. Mwaka 1908 aliingiza mikanda ya pamba iliyofumwa kwa unene, iliyobuniwa na kampuni ya Mills. Haipasuki kwa mvua kama ngozi, ukiifua inakauka. Kibebeo chake kilikuwa na vitanzi viwili, cha juu na cha chini, kwa ajili ya singe la 1907 lenye makali ya sentimita 43 hivi. Kilikuwa na kazi ya pili pia: mpini wa jembe dogo la kuchimbia handaki ulifungwa hapo hapo. Vita vilipoanza, jeshi likakua ghafla na wafumaji hawakuweza kuwatosha watu wote. Basi wakarudi kwenye ngozi, wakatoa seti ya 1914, mkanda wenye bizimu la umbo la nyoka. Kwa hiyo usikimbilie kusema ngozi ni ya zamani na pamba ni mpya. Hapa ngozi ndiyo mdogo, pamba ndiyo kaka.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Novemba 1914 Waingereza na Wahindi wao walishuka Tanga, wakapigwa vibaya, wakakimbilia melini na kuacha mamia ya bunduki, bombomu na risasi malaki kwa malaki. Askari wa Mjerumani wakaokota. Kuanzia hapo von Lettow-Vorbeck, kamanda wao, aliishi kwa kuokota. Wakati meli mbili zilizopenya kutoka Ujerumani, mmoja 1915 na nyingine 1916, zilileta bunduki, hazikutosha mpaka mwisho. Mwezi Novemba 1917 alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, na pale Ngomano akaiteka kambi ya Wareno pamoja na ghala lake. Askari wake wakatupa Mauser zao kuukuu wakachukua za Wareno.

Angalieni kichekesho. Bunduki ile ya Mreno, Mauser-Vergueiro ya 1904, ilitengenezwa Berlin na kampuni ya DWM. Singe lake limegongwa jina la Simson wa mji wa Suhl, ambao ni Ujerumani vile vile. Yaani chuma kilizaliwa Ujerumani, kikauzwa Ureno, kikapelekwa Msumbiji, kikanyang'anywa na Mjerumani, kikaning'inia kiunoni kwa Mnyamwezi au Msukuma ambaye hajawahi kuiona Ulaya. Jeshi hilo lilipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zake karibu zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Mkusanyaji akipata leo kibebeo cha Kireno kilichookotwa kusini mwa Tanzania, ataandika kwenye karatasi: Ureno, 1904. Hajakosea. Lakini mtu aliyekivaa anaweza kuwa askari wa Mreno aliyekufa Ngomano, au askari wa Mjerumani aliyemvua, au wa King's African Rifles aliyemkamata huyo wa Mjerumani mwaka uliofuata. Na mambo yanazidi kukorogeka: mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya 6 ya KAR kwa kiasi kikubwa na watu waliokuwa askari wa Mjerumani wakatekwa. Mtu mmoja, kiuno kimoja, mwaka 1916 ngozi ya Kijerumani, mwaka 1917 pamba ya Kiingereza. Utamwita nani? Kibebeo hakijui.

Hapa naomba mnisamehe nitoke nje kidogo, ingawa naona siyo nje. Wengi humu mmepita vizuizi. Mnajua jinsi vijana wa kiume tunavyokaguliwa: vua shati, geuka. Wanatafuta alama ya mkanda wa bunduki begani, alama ya buti kwenye vifundo vya miguu. Ukiwa na alama, wewe ni wa wale. Sasa mtu anayebeba bidoni za maji za lita ishirini kwa kamba tangu ana miaka tisa atakosaje alama begani? Anayechimba kwenye mgodi na kupandisha mfuko wa mawe, begani kwake kuna nini? Mimi mwenyewe bega la kulia lina mstari wa kubebea mkaa, na kwenye kizuizi kimoja mstari huo ulitaka kunimaliza. Mkusanyaji mzuri wa vibebeo hasemi jina la mtu kwa sababu ameona mkanda. Anasema: hiki kilitengenezwa mahali fulani, kikapita ghala fulani, baada ya hapo sina ushahidi. Kama anayechezea ngozi za miaka mia anaweza kujizuia hivyo, nawaomba na dada na kaka mnaotuhoji kwenye usajili mjizuie vile vile mkiona koti la kijeshi mgongoni kwa kijana. Koti la sokoni lina bei rahisi na linazuia baridi, basi.

Turudi. Kuna mtu ambaye kwenye hadithi hii hakuwa na kibebeo kabisa, naye ni mpagazi. Waliobeba chakula, risasi na mizinga walikuwa wengi kuliko askari, na waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa ni makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, yanatokana na kikosi chao, Carrier Corps. Sanamu ya Askari ya Dar, iliyozinduliwa 1927, inaonyesha mtu mwenye bunduki na singe limeelekezwa bandarini. Mpagazi hajaachia ngozi yenye muhuri wala namba. Huwezi kumkusanya.

Vita vya pili vilileta vibebeo vingine kwa watu wa huku. Mwaka 1941 Force Publique ilitembea mpaka Ethiopia, na Julai Waitaliano wa jenerali Gazzera wakasalimu amri kwake kule Saio. Vibebeo vya Muitaliano vya wakati huo ni rahisi kuvijua, ngozi yake imepakwa rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Halafu 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Burma kupigana na Mjapani. Kibebeo cha Kijapani cha mwanzo ni ngozi. Baadaye ngozi ilipowaishia wakatumia turubai lililopakwa mpira. Ni kisa kile kile cha Mjerumani na karatasi yake. Ukiona vitu vya ajabu ajabu kwenye kibebeo, jua nchi hiyo ilikuwa inaanza kukosa.

Kwenye kijiji chetu hapa kambini kuna mzee mmoja wa Fizi, kila mtu anamwita Papa. Ana kipande cha utepe wa pamba chenye vitanzi, anakitumia kuning'iniza kisu chake cha kuchonga vijiko. Alisema kilikuwa cha marehemu baba yake aliyekuwa Force Publique. Vijana waliokiona wakasema hapana Papa, hiki ni cha Mwingereza, kinafanana kabisa na picha za mikanda ya Kiingereza ya 1937. Na kweli kinafanana. Nilimwomba nikipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nyuma zikatokea herufi tatu, A B L. Hizo ni za jeshi la Ubelgiji, kwa Kifaransa na Kiflemi pamoja. Baada ya vita vya pili Wabelgiji walivaa mtindo ule ule wa Kiingereza, wakatengeneza wenyewe wakagonga herufi zao. Mzee alikuwa sahihi muda wote. Alikitazama kidogo, akaniambia, "Sasa mnaniamini?" akakirudisha kiunoni.

Niseme na habari za feki, maana palipo na pesa pana feki. Wanaotengeneza vibebeo vipya na kuviuza kama vya zamani wanachovya ngozi kwenye chai nzito, wanaifukia, wanaisugua. Ila kuna vitu ni vigumu kuiga. Ngozi iliyobeba ala miaka mitano ina umbo la ala ndani yake, imetanuka pale chuma kilipokaa na imebanwa pale kilipopungua. Tundu la kinundu limechakaa upande mmoja tu, ule uzito ulikovuta. Uzi wa zamani umezama ndani ya ngozi. Feki imechakaa sawasawa kila mahali, kama suruali za jinsi zinazouzwa zikiwa tayari zimechanika. Mihuri nayo: Mjerumani wa vita vya pili mwanzoni aligonga jina la kiwanda na mwaka, baadaye akabadilisha kuwa herufi za siri ili adui asijue viwanda viko wapi. Kibebeo chenye jina kubwa linalosomeka vizuri sana na tai mkubwa mpya kabisa, mimi naanza kukitilia shaka.

Na kwa nini siku hizi hatuvioni? Kwa sababu majeshi yaliacha kuvihitaji, kila moja kwa njia yake. Mmarekani alitoka mapema: mwaka 1910 aliweka ndoano ya waya kwenye ala yenyewe, unaikwamisha kwenye matundu ya mkanda, kwisha. Mrusi na bunduki yake ya Mosin hakuwa na shida hiyo, singe lilikaa mdomoni mwa bunduki karibu muda wote na hata shabaha ilirekebishwa likiwa limechomekwa, ala ya nini tena? Na ile bunduki ya Kichina ya 56 ambayo wengi wetu tumeijua kabla ya kujua kusoma, singe lake ni mwiba unaokunjwa chini ya mtutu. Unafunguka na kujikunja, haushuki kiunoni. Miaka mia ijayo mkusanyaji akitafuta ngozi ya kumkumbuka aliyeibeba, hataipata.

Sasa ombi langu. Kama nyumbani kwenu kuna mkanda au kibebeo cha babu, hata kimegeuzwa kamba ya kufungia godoro, piga picha mbele na nyuma, mchana, weka rula pembeni au hata kiberiti ili ukubwa uonekane. Usikipake rangi ya viatu, utaua muhuri. Andika mzee anasema nini kuhusu kitu hicho kabla hujaandika wewe unafikiri nini. Nitumieni, nitajibu jioni umeme ukiwepo. Ni ngozi na kamba tu ninazoomba, tuelewane vizuri. Singe lenyewe, risasi, chuma chochote ulichokikuta shambani au msituni ukikata kuni, usiguse, usibebe, usilete kambini. Weka alama kwa mbali, rudi kwa njia ile ile uliyoingilia, umwambie kiongozi wa kijiji.